Kulabu ya magogo kutoka kwenye shoka kuukuu: kusaga, kufua au kuchomelea?

Anayehamisha magogo kwa mikono anajua kwamba kazi yote huishia kiunoni. Unainama, unaingiza vidole chini ya gome lenye utelezi, unainuka na mzigo, unautua, unainama tena. Kulabu ya magogo inakuondolea kuinama huko. Unapiga ncha yake kwenye kitako cha gogo ukiwa umesimama wima, ncha inazama sentimita moja au mbili, unavuta, na gogo linafuata. Ukisukuma mpini mbele kidogo, ncha inachomoka.

Chuma cha kuitengenezea huenda unacho tayari: shoka lililonolewa miaka mingi hadi bapa likabaki nusu, au lenye pengo kwenye makali ambalo hakuna tupa itakayoliondoa. Wengi hukwama hapo. Walikate kwa grenda tu? Walipeleke motoni likafuliwe? Au wachomelee ncha ya chuma kingine? Njia zote tatu zimewahi kutoa kulabu za kudumu, na zote zimewahi kutoa kulabu zilizovunjika siku ya kwanza. Kwa mtazamo wangu tofauti huletwa zaidi na joto kuliko ustadi wa mkono: joto lilifika sehemu gani ya chuma, na chuma kilipoa vipi baadaye.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nitazipima kwa mambo matano yale yale: vifaa na ujuzi unaohitajika, ubora wa ncha, uhuru wa kuchagua umbo, hatari, kwa anayetengeneza na kwa atakayetumia, na mtu anayefaidika na njia hiyo.

Ubora wa ncha ndio ninaoupa uzito mkubwa. Kulabu hugeuka wenzo hata kama hukukusudia. Gogo likinasa kwenye mzizi, mikono yenyewe inapinda mpini pembeni, na mzigo wote unahamia kwenye kipande cha chuma chenye unene wa penseli. Ncha laini mno itapinda na kubutuka. Ncha ngumu mno itakatika, na kipande kikiruka hakichagui pa kwenda. Unachotafuta ni chuma kilicholegezwa (yaani kilichopunguzwa ugumu kwa kupashwa tena kidogo) zaidi ya makali ya shoka, lakini kigumu kuliko mwili wake.

Shoka lenyewe halikutengenezwa hivyo. Kinachogumishwa ni ukanda mwembamba tu, sentimita chache kutoka kwenye makali. Mwili na sehemu ya tundu la mpini huachwa laini ili vimeze mtikisiko. Kwa hiyo kila unapokata, unapopasha au unapounga, swali ni kama uko ndani ya ukanda huo au umeshautoka.

Likague shoka kwanza

Chukua tupa kali na uanze kuisukuma taratibu kwenye ubavu wa bapa, karibu na makali, ukirudi nyuma kuelekea tundu. Shoka jema hunoleka kwa tupa, hivyo usitarajie iteleze kabisa, sikiliza tofauti. Karibu na makali mlio ni mwembamba, wa juu, na tupa inang'ata kwa shida. Ukirudi nyuma utafika mahali mlio unashuka, mkono unahisi tupa ikishika, na unga wa chuma unaanza kudondoka. Piga mstari wa chaki hapo. Umbali kutoka kwenye makali hadi kwenye chaki ndio feleji ngumu (chuma chenye kaboni kinachogumika) uliyobakiwa nayo. Kwenye shoka lililotumika sana unaweza kuwa hauzidi upana wa kidole, au usiwepo kabisa.

Mashoka ya zamani yana jambo jingine. Mengi yalifuliwa kwa chuma laini, kisha kipande cha feleji kikaungwa kwa moto na nyundo kwenye makali tu. Ng'arisha ubavu kwa msasa, upake siki, usubiri kidogo. Feleji hukolea weusi kuliko chuma laini, na mpaka kati yake huonekana kama wimbi. Ukiuona mpaka huo, jua kwamba nyuma yake hakuna chuma kinachogumika. Ncha yako lazima iwe ndani ya feleji.

Kagua tundu la mpini kwa taa. Ufa kwenye kona za tundu unamaanisha shoka hilo si la kazi hii, kwa njia yoyote kati ya tatu. Kisogo, upande wa nyuma wa kichwa cha shoka, kilichopondwa kwa nyundo hadi kikatoa ukingo wa vipande vilivyochanika kisagwe kabla ya yote, maana vipande hivyo huruka. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo iondoe kwa dawa ya kutolea rangi au kwa kukwangua ikiwa imelowa, usiichome wala kuisaga kavu.

Na kama shoka ni zima, lina bapa refu na makali yanayoshika, liache liwe shoka. Mashoka yaliyochoka ni mengi, na hakuna sababu ya kuharibu lenye miaka ya kukata mbele yake.

Mdomo wa namna gani?

Mdomo ni sehemu ya kulabu inayobeba ncha, na uamuzi huu huja kabla ya njia, kwa sababu si kila njia hutoa kila mdomo. Lipo umbo lenye ncha inayoelekea mbele, iliyonyooka au iliyoinuka kidogo. Linachomoka kwa urahisi na linafaa kupanga, kugeuza vipande na kutupia kuni kwenye rundo. Lipo jingine lenye ncha iliyoinama kuelekea kwenye mpini. Hilo hushika vizuri zaidi unapokokota gogo refu ardhini, lakini kulichomoa kunataka kusukuma mpini mbele kwa nia. Wahamishaji wa magogo wa milima ya Alps, huko Austria na Italia ya kaskazini, wana chombo chao kiitwacho sapi, chenye mdomo mrefu uliopinda, na hukitumia kukokota na pia kama wenzo kwenye miteremko. Ukikiona kazini utaelewa kwa nini mpindo wa mdomo una maana.

Lipo jaribio rahisi la pembe. Laza shoka lenye mpini kwenye sakafu, shikilia kamba mahali mkono wako unaposhika mwisho wa mpini, na kwa kamba hiyo chora tao linalopita kwenye ncha unayoikusudia. Ncha ielekee kwenye mstari wa tao hilo, au ndani yake kidogo. Ikielekea nje, itaparuza gogo na kuruka badala ya kuzama, kwa sababu mkono wako unazungusha chuma kwenye tao na hauendi nacho moja kwa moja.

Njia ya kwanza: kukata na kusaga

Hapa shoka halipashwi moto. Unachora mdomo kwa chaki juu ya bapa, unakata kilicho nje ya mstari, unasawazisha, basi.

*Vifaa na ujuzi.* Grenda ndogo, diski nyembamba ya kukatia, diski ya msasa, tupa, na jiliwa la kubana. Asiye na grenda anaweza kutumia msumeno wa chuma kwenye mwili laini, lakini kwenye ukanda mgumu meno yataisha kabla ya kazi. Mtu anayejua kushika grenda kwa usalama ataimaliza kazi hii bila mwalimu.

*Ncha.* Nguvu ya njia hii ni kwamba unarithi ugumu uliowekwa na kiwanda au mhunzi wa kwanza, na udhaifu wake ni huohuo. Ugumu wa kukatia umezidi kidogo mahitaji ya kulabu, na kona za bapa ni nyembamba. Ukiiweka ncha kwenye kona kabisa utapata kitu kikali kinachokatika pembeni. Ukirudi nyuma hadi pale bapa lina unene wa milimita 5 au 6, ncha inapata mwili, lakini huenda umetoka kwenye feleji ngumu. Ndiyo maana nilisisitiza mstari wa chaki. Kama ukanda mgumu unafika penye unene huo, njia hii ni nzuri sana. Kama haufiki, unatengeneza kulabu ya chuma laini, ambayo itafanya kazi kwenye mbao laini na kuhitaji tupa mara kwa mara.

Joto la kusaga ndilo adui hapa. Chuma kilichong'arishwa hubadilika rangi kinapopata moto: manjano hafifu karibu nyuzi 220 za Selsiasi, kahawia karibu 260, zambarau karibu 280, buluu karibu 300 na kuendelea. Rangi ya buluu ikitokea kwenye ncha wakati wa kusaga, ugumu wa mahali hapo umeshuka, na kuing'arisha rangi iondoke hakurudishi kitu. Saga kidogo, chovya kwenye maji, saga tena. Weka kidole gumba karibu na unaposaga, kwenye mkono usio na glavu nene. Kikishindwa kuvumilia, chuma kinataka maji. Sehemu ya mwisho kabisa, ncha yenyewe, imalize kwa tupa au jiwe la kunolea.

Shoka ambalo tupa ililikataa kabisa linaweza kulegezwa kidogo baada ya kukatwa. Liweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 250 au 260 kwa saa moja, liache lipoe. Unapoteza ugumu kidogo na kupata ukakamavu zaidi.

*Umbo.* Unabanwa na bapa ulilonalo. Ukibakiza kona ya chini, ile iliyo upande wa mkono, unapata mdomo ulioinama, na mpindo wa asili wa bapa unakusaidia. Ukibakiza kona ya juu, unapata ncha ya mbele. Kwa shoka pana uhuru ni mkubwa. Shoka jembamba hukupa chaguo moja tu. Usinoe sehemu ya chini ya mdomo ikawa kisu. Iache bapa, yenye upana wa milimita 3 au zaidi, maana makali hapo yatakata nyuzi za mbao na ncha itachomoka unapovuta.

*Hatari.* Diski ya kukatia hupasuka ikipindwa ndani ya mkato. Miwani na ngao ya uso si hiari, na shoka libanwe kwenye jiliwa, lisishikwe kwa mkono. Kwa mtumiaji, hatari ni kona za ndani: mkato unaokutana na mwingine kwa pembe kali huanzisha ufa. Kila kona ya ndani iwe ya mviringo. Toboa tundu la duara mahali mikato miwili itakapokutana, kisha kata kuelekea kwenye tundu hilo.

*Anayefaa.* Mwenye shoka lenye ukanda mgumu mpana, anayetaka chombo kimoja cha kazi za nyumbani, na asiye na tanuri wala mashine ya kuchomelea.

Njia ya pili: kufua

Hii ndiyo njia inayotumia chuma chote vizuri zaidi. Badala ya kutupa nusu ya bapa, unaisukuma kwa nyundo iwe mdomo mrefu, mnene, wenye pande nne.

*Vifaa na ujuzi.* Tanuri la makaa au gesi linalofikisha chuma kwenye rangi ya chungwa, fuawe, nyundo, koleo inayoshika shoka bila kuteleza, mafuta ya kuzimishia. Ujuzi ndio mgumu kuupata. Mdomo wenyewe si umbo tata, lakini kichwa cha shoka ni kizito upande mmoja na chembamba upande mwingine; bapa hupata moto upesi na kuungua wakati mwili bado ni mwekundu uliofifia. Cheche nyeupe zikianza kutoka kwenye chuma, sehemu hiyo imeungua na haifai tena, ikate.

*Ncha.* Hapa kufua kunashinda kwa kuwa ugumu unauweka wewe mwenyewe, mahali unapotaka, kwa kiasi unachotaka. Baada ya kuunda umbo, pasha mdomo hadi sumaku isiushike (karibu nyuzi 770) na uuache upoe hewani. Rudia mara mbili au tatu ili chembe za chuma zilizokuzwa na moto wa kufulia zijipange upya. Kisha pasha sentimita 5 hivi za mbele hadi zipite kidogo hapo sumaku inapoachia, na uzamishe sentimita 3 za ncha kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo. Usianze na maji kwa chuma usichokijua. Maji hupoza upesi mno na huweza kukipasua.

Kinachofuata hufanyika kwa dakika chache na hakitaki mtu wa kukusemesha. Toa mdomo kwenye mafuta mara ncha inapopoa, huku sehemu ya nyuma ikiwa bado na moto mwingi. Sugua upesi ubavu mmoja kwa jiwe au msasa hadi ung'ae. Joto lililobaki nyuma litaanza kusafiri kuelekea kwenye ncha, na rangi zitatembea nalo kwa mpangilio: manjano mbele, kahawia nyuma yake, zambarau, kisha buluu. Kwenye makali ya shoka ungesimamisha kwenye manjano iliyokolea au kahawia. Kwa kulabu ngoja zambarau ifike kwenye ncha na ianze kugeuka buluu, ndipo uichovye kwenye maji. Nyuma ya ncha chuma kitakuwa kimelegea zaidi, na ndivyo inavyotakiwa: ncha ngumu iliyobebwa na shingo isiyovunjika.

Kwa mashoka yenye feleji iliyoungwa kuna tahadhari. Ukipiga nyundo chuma kikiwa kimepoa, ule mpaka wa maungio huweza kuachana. Fua kikiwa na rangi ya chungwa au manjano, na ukiona mstari mweusi unafunguka ubavuni, simama.

*Umbo.* Unachagua lolote: mdomo mrefu, mfupi, ulionyooka, uliopinda. Uhuru huu una mtego wake. Mdomo mrefu unapendeza, lakini kila sentimita inayoongezeka huongeza nguvu ya kuzungusha kichwa kwenye mpini. Kwa kazi nyingi sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye tundu zinatosha. Kabla ya kupiga karibu na tundu, ingiza ndani yake kipande cha chuma chenye umbo la tundu, la sivyo litabonyea na mpini hautakaa sawa kamwe.

*Hatari.* Moto, moshi, na mafuta yanayoweza kuwaka. Weka mafuta kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko na usiwe na kitu cha kushika moto karibu. Kwa mtumiaji, hatari kubwa ni kulabu iliyogumishwa lakini haikulegezwa. Kwa macho haina tofauti na iliyo njema. Ijaribu kabla ya kuikabidhi mtu: piga ncha kwenye kisiki, pinda mpini pembeni kwa nguvu zako zote, itoe, uikague kwa taa.

*Anayefaa.* Mwenye tanuri au anayeweza kumlipa mhunzi. Mwenye shoka lililokwisha ukanda mgumu lakini lenye feleji mwili mzima. Na anayehitaji kulabu ya kazi ya kila siku.

Njia ya tatu: kuchomelea

Unakata bapa lililochakaa, unabaki na tundu na mwili, kisha unaunga mdomo uliotengenezwa kwa chuma kingine: ncha ya sululu kuukuu, au kipande cha springi ya gari.

*Vifaa na ujuzi.* Mashine ya kuchomelea, grenda, na njia ya kupasha chuma kabla ya kukiunga. Wengi wanaojua kuchomelea madirisha na mageti hudhani hii ndiyo njia rahisi. Chuma cha geti kina kaboni kidogo na husamehe. Shoka na springi vina kaboni nyingi, na ukiviunga vikiwa baridi, ukanda ulio kando ya mshono hupoa ghafla, unakuwa mgumu na mkavu, na ufa huanza hapo, mara nyingi chini ya mshono, usipoonekana.

*Ncha.* Ncha yenyewe inaweza kuwa bora kuliko zote kama chuma ulichochagua ni kizuri. Kinachotia shaka ni maungio. Ili yashike, chonga pande zote mbili ziwe na umbo la V ili mshono ufike katikati. Pasha vipande hadi nyuzi 200 au 300. Ukiwa umeng'arisha sehemu kidogo, manjano hafifu itakuambia umefika. Tumia elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za haidrojeni kidogo, aina ya 7018, zilizohifadhiwa kavu. Ukimaliza, usiweke kazi sakafuni ipoe kwa upepo wala kwenye maji. Ifukie kwenye majivu makavu au mchanga uliopashwa hadi kesho yake.

Weka maungio kwenye sehemu nene ya mwili, mbali na ncha, na yakae kwa mshazari ili mshono uwe mrefu. Kama springi ilikuwa na ugumu wake wa asili, joto la kuchomelea litakuwa limeuharibu karibu na mshono, lakini ncha iliyo sentimita 8 mbali inaweza kubaki salama ukiifunga kitambaa kilicholowa.

*Umbo.* Uhuru ni mkubwa, na unaweza kubadilisha mdomo siku ukiisha bila kutafuta shoka jingine. Wapo wanaochomelea kulabu kwenye kisogo na kuacha makali upande wa pili, wapate vyombo viwili kwenye mpini mmoja. Siliungi mkono wazo hilo. Ukivuta gogo na ncha ikachomoka ghafla, kichwa kinakuja kuelekea miguuni mwako au usoni, na upande wa makali uko wazi. Ukilazimika, yabutue makali kabisa.

*Hatari.* Nondo si chuma cha kutengenezea mdomo: kaboni yake hutofautiana sana na huwezi kujua itakavyofanya kwenye moto. Chuma chenye zinki hutoa moshi wenye sumu kinapochomelewa. Kwa mtumiaji, kulabu iliyochomelewa vibaya huvunjika bila kutoa dalili, tofauti na iliyofuliwa laini, ambayo hupinda kwanza.

*Anayefaa.* Fundi mzoefu wa kuchomelea vyuma vya kaboni, mwenye shoka ambalo bapa lake limekwisha kabisa au limemeguka vibaya, huku tundu likiwa zima.

Mpini, kwa njia yoyote utakayochagua

Unapokata kwa shoka, kichwa husukumwa kuingia kwenye kazi. Unapovuta kwa kulabu, gogo linakivuta kichwa kitoke juu ya mpini. Kwa hiyo kabari iliyotosha kwenye shoka huenda isitoshe hapa. Tundu la shoka huwa pana zaidi upande wa juu. Mpini ujaze tundu lote, utokeze juu milimita kadhaa, na kabari ya mbao ngumu iingie hadi mwisho iutanue. Mbao iwe kavu, nyuzi zake zinyooke kutoka mwanzo hadi mwisho.

Urefu wa sentimita 90 humwezesha mtu mzima kufanya kazi bila kuinama. Kwa kupanga kuni kwenye gari au kwenye kibanda, sentimita 40 hadi 50 zinatosha, na shoka dogo la mkono lenye kichwa cha gramu 600 hutoa kulabu nzuri ya namna hiyo. Kichwa cha shoka kubwa chenye kilo 1.6 kipunguzwe, kulabu haihitaji uzito wa kukata, na mkono utauhisi uzito wa ziada kabla ya jioni.

Fahamu pia mpaka wa chombo chenyewe. Mbao mbichi mara nyingi huwa na kilo 800 hadi 1,000 kwa mita ya ujazo. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 1 lina mita za ujazo 0.07 hivi, yaani kilo 56 hadi 70. Hilo unaweza kulikokota. Magogo ya kubiringishwa yanataka wenzo wenye kulabu inayocheza ubavuni, mfano wa ule unaohusishwa na Joseph Peavey, mhunzi wa Maine, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1850. Huo hautoki kwenye shoka.

Uamue vipi

Ukiwa na grenda tu, na tupa imekuonyesha ukanda mgumu unaofika penye unene wa milimita 5, kata na usage. Ukanda ukiwa mwembamba na kazi yako ni kuni chache za mbao laini, bado kata na usage, ukubali kwamba utainoa mara nyingi.

Ukiwa na shoka pana la zamani ambalo siki imeonyesha feleji iliyoungwa, kusaga ndani ya feleji ni salama kuliko kulirudisha motoni, isipokuwa una mhunzi aliyewahi kufua chuma cha namna hiyo.

Ukihamisha magogo kila siku, au kulabu itashikwa na watu wengi wasioijua historia yake, ningelipeleka kwa mhunzi na kumwomba alegeze ncha hadi zambarau inayoingia buluu. Mwambie kazi yake ni nini. Akidhani anatengeneza sululu ya mawe anaweza kuiacha ngumu zaidi.

Bapa likiwa limekwisha kabisa lakini tundu ni zima, na una mashine, elektrodi kavu na njia ya kupasha, chomelea. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo, tafuta shoka jingine lenye bapa badala ya kulazimisha maungio.

Na kama hujui shoka lako ni chuma gani, huna siki wala tupa nzuri, kata kipande kidogo kutoka sehemu utakayoitupa, kipashe hadi sumaku iachie, kizamishe kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa na ukipige nyundo ukiwa umevaa miwani. Kikikatika, ni feleji inayogumika, na njia ya moto iko wazi. Kikipinda, huna cha kugumisha hapo: chukua ncha kutoka karibu zaidi na makali, au uunge mdomo wa chuma kingine.